Mafua

Mafua ni ugonjwa wa kuambukiza wa njia ya juu ya hewa unaosababishwa na virusi. Dalili zake ni kutokwa na kamasi, kupiga chafya, koo kuwasha na kikohozi. Kwa kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10, na antibiotiki haziyatibu.

Visababishi vikuu ni rinovirusi, ambavyo vina aina zaidi ya 160. Baada ya maambukizi, mwili hutengeneza kingamwili na seli za kumbukumbu dhidi ya aina iliyoingia. Kinga hiyo hailindi vya kutosha dhidi ya aina nyingine, na kingamwili za puani hupungua kadiri muda unavyopita. Kwa hiyo mtu mzima huugua mara 2 hadi 3 kwa mwaka, na mtoto mdogo mara nyingi zaidi.

Virusi vya RSV, ambavyo pia husababisha mafua, humrudia mtu vilevile. Kilifi, Kenya, watafiti wa mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walifuatilia kaya 47 mwaka 2009 na 2010 kwa sampuli za puani ili kuona jinsi RSV inavyoenea nyumbani. Walibaini kwamba watoto wachanga huambukizwa mara nyingi na ndugu zao wakubwa, hasa wanaosoma shule.