Joto la ghafla na jasho la usiku wakati wa kukoma hedhi

Umekaa kwenye foleni ya mgao, kivulini, mara joto linapanda kutoka kifuani hadi usoni. Moyo unadunda, jasho linakutoka, kisha unahisi baridi. Kwa mwanamke wa miaka 45 hadi 55, mara nyingi hiyo ni dalili kwamba hedhi inaelekea kukoma. Si ugonjwa, wala hujarogwa. Homoni ya estrojeni inapungua, na sehemu ya ubongo inayoongoza joto la mwili inayumba. Hali hii inaweza kudumu miaka kadhaa.

Hatari kubwa kambini ni kuichanganya na magonjwa mengine. Mama anaamka usiku nguo zimelowa, na asubuhi ananunua dawa ya malaria dukani bila kupima. Joto la kukoma hedhi hupita baada ya dakika chache, na kipimajoto hakionyeshi homa. Ukiwa na homa, kutetemeka au maumivu ya kichwa, kapime malaria siku hiyo hiyo. Jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, au ukikonda bila sababu, omba kupimwa kifua kikuu.

Usiku, jifunike kitenge chepesi cha pamba badala ya blanketi, na weka maji ya kunywa na kitambaa chenye maji karibu. Chandarua usikitoe, hata kama nyumba ya turubai inachoma. Kahawa, pilipili, pombe na sigara huwaongezea baadhi ya wanawake joto. Chunguza kinachokusumbua wewe, si lazima uache vyote.

Waeleze unaolala nao chumba kimoja. Nanyi akina baba, mke akihamia kwenye mkeka usiku, hajawakataa.

Joto likikunyima usingizi kila siku, nenda kituo cha afya. Dawa za homoni zipo, ingawa si katika kila kituo, na hazimfai kila mtu: mweleze mhudumu kama umewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda kwenye mishipa.

Hedhi huhesabiwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla ya hapo mimba bado inaweza kuingia. Damu ikirudi baada ya mwaka huo, hata matone, usingoje: inaweza kuwa dalili ya saratani. Na hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, muone daktari.