Plexi au 800? Historia fupi ya mngurumo wa Kiingereza

Najua nimepotea hapa kwa wiki kadhaa. Zamu za usiku zimenibana, nikirudi asubuhi nalala kama gogo. Leo niko mapumziko, chai iko mezani, basi tuongee.

Kitindamimba wetu, yule mpiga gitaa, amedunduliza hela za kupiga kwenye maharusi kwa miaka miwili. Anataka nimnunulie huku Uingereza moduli ya priampu, yenye ule mngurumo wa roki ya Kiingereza ya zamani. Amplifaya ya gitaa ina sehemu mbili: priampu inapokea sauti ndogo ya gitaa na kuipa tabia yake, halafu sehemu ya nguvu inaisukuma hadi kwenye spika. Moduli ni hiyo priampu peke yake ndani ya kiboksi, unaichomeka kwenye mashine yake na kuichomoa kama kanda kwenye redio.

Wauzaji wanazo za aina nyingi, lakini kwa anachokitaka yeye zimebaki mbili: inayoitwa Plexi na inayoitwa 800. Hela inatosha moja tu. Yeye ameshaamua ni Plexi, kwa sababu ya Jimi Hendrix. Mama naye kanipigia simu: "Hebu mchunguzie mwenzio, asije akatupa hela zake." Haya mama, nimechunguza, na nimekutana na historia ambayo sikuitegemea.

Hayo majina yote mawili yanatoka kwa mtu mmoja, Jim Marshall, aliyezaliwa London mwaka 1923. Wauguzi wenzangu mtanielewa kwa nini nilisimama hapa kwanza. Alipokuwa mtoto alipata kifua kikuu cha mifupa. Streptomycin ilipatikana mwaka 1943, kwa hiyo wakati wake dawa haikuwepo. Tiba ilikuwa kumlaza mtoto na kumfunga plasta. Alikaa hospitali tangu miaka mitano hadi kumi na mbili na nusu, amefungwa plasta kuanzia vifundoni mpaka kwapani. Alipotoka alijifunza kucheza dansi la kugonga viatu ili miguu ipate nguvu, na kutoka hapo akaingia kwenye ngoma. Akawa mpiga ngoma, kisha mwalimu wa ngoma. Mmoja wa wanafunzi wake, Mitch Mitchell, ndiye baadaye aliyempigia Hendrix.

Mwaka 1960 Marshall alifungua duka la vyombo vya muziki huko Hanwell, magharibi mwa London. Wanafunzi wake wa ngoma wakaanza kumletea wenzao wapiga magitaa, akiwemo Pete Townshend. Walitaka amplifaya za Kimarekani za Fender, lakini zilikuwa ghali mno kwa vijana wa kawaida. Marshall hakuwa fundi umeme. Alikuwa na Ken Bran, fundi wa dukani kwake, na kijana mmoja wa EMI, Dudley Craven. Wakachukua Fender Bassman, wakaifungua, wakaunda ya kwao wakiifuata. Mwaka 1962 ikatoka JTM45.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mngurumo wa Kiingereza ulianza kama kopi ya kitu cha Kimarekani! Lakini walitumia vipuri vilivyopatikana Uingereza, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Valvu ya kwanza ya Bassman ilikuwa 12AY7, ambayo uwezo wake wa kukuza sauti ni karibu 44. Wao waliweka ECC83, ambayo ni 100. Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10 kwenye boksi lililo wazi nyuma. Wao waliweka Celestion nne za inchi 12 kwenye boksi lililofungwa. Valvu ikisukumwa kupita kiasi, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa na gitaa huanza kukwaruza. JTM45 iliwahi kukwaruza kuliko mama yake, na vijana wakaipenda kwa hicho hicho ambacho fundi mwingine angekiita kasoro.

Townshend akataka makelele zaidi. Mwaka 1965 wakaanza kutengeneza za wati 100. Zilizotengenezwa hadi mwaka 1969 zilikuwa na kioo cha plastiki usoni, ndiyo maana watu wakaziita Plexi. Hendrix alikutana na Marshall mwaka 1966, na majina yake kamili ni James Marshall Hendrix, utadhani wamepangiana.

Sasa mdogo wangu, soma hapa taratibu. Plexi ina nobu za sauti, lakini haina ya kupunguza makelele baada ya mkwaruzo kutengenezwa. Priampu yake ni ya kiasi. Utamu unakuja ukifungulia mpaka mwisho, wati 100 zote, hadi valvu za nguvu na spika zenyewe zinalalamika. Ukumbini ni sawa. Chumbani kwako, mwenye nyumba atakufukuza siku hiyo hiyo.

Wapiga magitaa wa Kiingereza nao waliona taabu hiyo. Mwaka 1975 Marshall akatoa modeli 2203, yenye nobu kuu ya sauti. Hatua za kukuza sauti ziliunganishwa moja baada ya nyingine, mkwaruzo ukatengenezwa ndani ya priampu, kisha nobu kuu ikapunguza makelele. Mwaka 1981 sakiti hiyo ikaingia kwenye JCM800. JCM ni herufi za jina lake, James Charles Marshall, na 800 aliitoa kwenye namba ya gari lake! Ndiyo iliyobeba roki nzito ya miaka ya 1980.

Jibu langu linatoka hapo. Moduli ni priampu tu. Ukinunua 800, unapata karibu kila kilichoifanya 800 iwe 800. Ukinunua Plexi, unapata nusu ya Plexi. Nusu ya pili ilibaki kwenye valvu za nguvu na lile boksi la spika nne, ambavyo huna. Wapo wanaoipenda Plexi kwa sauti yake iliyo wazi zaidi, na siwapingi. Lakini wewe umesema unataka mngurumo, kwa sauti ya chini, kwa hela moja. Nanunua 800. Ukitaka ikwaruze zaidi, utaweka pedali mbele kama walivyofanya wengi.

Kwa wale wa Unguja watakaouliza habari za Freddie Mercury wetu: Brian May wa Queen alitumia Vox AC30, ukoo mwingine kabisa wa Kiingereza. Hiyo tuiache siku nyingine.

Marshall alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 88, katika nyumba ya kuhudumia wagonjwa mahututi huko Milton Keynes. Mtoto aliyelala miaka saba ndani ya plasta, watu wakaja kumwita baba wa makelele. Nikiwa wodini nikimwona mtoto amefungwa miguu, siku hizi namkumbuka.

Mama, hela iko salama. Mdogo wangu, ukinuna nuna, lakini nipigie Jumapili.