Kulowesha na kukausha kwa zamu

Kulowesha na kukausha kwa zamu ni njia ya kumwagilia mpunga ambapo jaruba huachwa likauke kiasi kabla ya kujazwa maji tena, ili kupunguza gesi ya methani na kuokoa maji. Imeenezwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga (IRRI), yenye makao Los Baños, Ufilipino.

Udongo uliofunikwa na maji hukosa oksijeni. Humo vijidudu huozesha mabaki ya mimea na kutoa methani, ambayo sehemu kubwa hupanda hewani kupitia mashina ya mpunga wenyewe. Hewa ikipenya ardhini, vijidudu hivyo hudhoofika.

Mkulima huchimbia bomba lenye matundu na kuchungulia ndani: maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, humwagilia hadi yasimame sentimita 5 hivi. Mpunga unapochanua, jaruba halikaushwi.

Methani hupungua kwa takriban nusu, ingawa oksidi ya nitrasi huweza kuongezeka. Kulimia mabua ardhini mapema, kabla ya msimu, husaidia pia. Kilimo shadidi cha mpunga, kilichoanzia Madagaska na kufika Mwea, Kenya, hufuata kanuni hiyohiyo ya maji.