Ulimi wa Jani na Ulimi wa Madini

Waandishi wa habari za ala za pwani mara nyingi humtaja mpigaji na kumsahau fundi. Upungufu huo huonekana wazi zumari ya Pemba inapolinganishwa na vinanda vilivyotoka Ulaya. Maana uwezo wa kupinda sauti, yaani kuiteremsha au kuipandisha kidogo ndani ya wimbo, huamuliwa kwanza na yule aliyeutengeneza ulimi.

Zumari hulia Pemba katika arusi na katika kirumbizi, ngoma ya wanaume wenye fimbo. Ulimi wake ni jani la mti wa jamii ya mnazi, lililokunjwa na kukatwa kwa kipimo. Mpigaji huutia kinywani, akavuta hewa kwa pua huku mashavu yakiisukuma nyingine, wimbo usikatike. Pumzi ikizidi sauti hupanda, ikilegea hushuka. Ulimi mnene humchosha mpigaji, na ulio mwembamba mno hujifunga.

Huko Ulaya mambo yalikwenda njia nyingine. Kodiani ilisajiliwa Vienna mwaka 1829, na mwaka 1857 Matthias Hohner alianza kutengeneza vinanda vya mdomo mjini Trossingen, Ujerumani. Ndimi zao ni za madini, kila mmoja na sauti yake. Hata hivyo Wamarekani weusi, katika nyimbo za bluzi, walionyesha kwamba kinanda cha mdomo hupindika. Tundu moja lina ndimi mbili, wa kupuliza na wa kuvuta. Kinywa kikibadili umbo, sauti ya juu huteremka kuielekea ya mwenzake. Katika tundu la nne la kinanda cha C, ulimi wa kuvuta hutoa D na wa kupuliza hutoa C, basi D hushuka nusu hatua tu. Kwa hiyo mpigaji hodari huchagua kinanda kisichovuja, kisha hurekebisha nafasi kati ya ncha ya ulimi na bamba lake: ikiwa pana pumzi hupotea, ikiwa finyu ulimi hukwama.

Kodiani haina nafuu hiyo, kwani kila ulimi hutengwa na mwenzake. Nayo iliingia katika taarab, muziki uliopokea maqamu za Kiarabu na kupata chama chake cha Ikhwani Safaa, Unguja, mwaka 1905. Katika Rasti inayoanzia C, sauti ya tatu hukaa chini ya E kwa robo hatua. Kodiani ya Ulaya haina kibao chake. Mafundi wa Misri walizikwangua ndimi: karibu na ncha sauti ikapanda, karibu na shina ikashuka. Pasipo kazi hiyo, mpigaji ama huiacha maqamu, ama huipotosha.

Mpiga zumari wa Pemba hakufungwa hivyo, kwa kuwa pumzi yake iliweza kuutii wimbo. Basi anayechunguza kwa nini maqamu fulani imedumu au imetoweka, aanze kwa kuuliza ulimi ulikatwa na nani, na kwa ajili ya nyimbo zipi.