Mkulima wa Kahawa na Kikombe Chake

Leo nimeweka mezani pangu chombo kidogo cha alumini chenye pande nane. Asiyekijua hudhani ni birika la chai lililobanwa kiunoni. Chombo hiki huitwa moka, na kazi yake ni kupika kahawa. Nitaeleza namna ya kukitumia, lakini kwanza tufuate njia ndefu ambayo kahawa imepita mpaka kufika katika milima yetu.

Nilianza kuifikiri njia hiyo siku nilipotembelea darasa moja katika nchi ya juu ya Kasulu. Mzee mmoja, ambaye amepalilia mibuni miaka arobaini, nilimwuliza kahawa yake ina ladha gani. Akajibu: "Bwana, mimi naiuza tu. Hata kuipika sijui." Darasa zima likacheka, lakini nilipouliza ni nani miongoni mwao anayeijua ladha hiyo, hakuna aliyeinua mkono.

Kahawa ya aina ya arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia. Desturi ya kuinywa tunaijua kutoka Yemeni, katika karne ya 15, ambako watu wa tarika waliinywa ili wakeshe katika ibada. Bandari iliyoipeleka nje iliitwa Mukha. Wazungu wakalitamka jina hilo Moka, na ndilo jina la chombo kilicho mezani pangu. Desturi hiyo ilifika pwani yetu pia. Mpaka leo, ukienda Zanzibar au Mombasa, utamwona muuza kahawa na dele lake juu ya makaa, akimimina kahawa chungu katika vikombe vidogo, na mnywaji akitafuna kashata pembeni.

Lakini msidhani kwamba watu wa Bara walingoja pwani iwafundishe kahawa. Jirani zetu wa kaskazini, Wahaya na watu wa Karagwe, walikuwa na kahawa yao ya aina ya robusta tangu zamani. Hawakuinywa, waliitafuna. Tunda lilichumwa bichi, likachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha likakaushwa. Mgeni alipofika, alipewa kahawa kwanza kabla ya neno lolote. Hata undugu wa damu ulifungwa kwa buni mbili za tunda moja, kila mmoja akimeza buni iliyopakwa damu ya mwenziwe. Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliandika habari za kahawa hiyo ya kutafunwa, ingawa Karagwe yenyewe hakufika. Alizipata kwa wafanyabiashara.

Na Buha je? Hapa historia ni chungu kidogo. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mtu angetazamia kwamba treni zingechukua mazao yetu kwenda pwani. Zilichukua watu. Utawala wa Mwingereza uliiona nchi ya Waha kuwa ghala la vibarua, na mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, lililojulikana kama SILABU. Walioandikwa waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alikuwa na namba yake. Huko Kibondo, katika miaka ya 1930, watu wengi walikuwa wamekwisha kuhamishwa kutoka makwao na kukusanywa pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Na wengine walikwenda kwa miguu mpaka Buhaya, wakapalilia na kuchuma kahawa ya watu wengine.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikuwa kinyume. Wabelgiji waliwashurutisha wakulima wa Urundi kupanda mibuni tangu mwanzo wa miaka ya 1930. Milima ni ileile na mvua ni ileile, lakini huku mtu alisukumwa aache shamba lake, na kule alisukumwa apande asichokichagua. Kwetu arabika imeshika mizizi hasa Manyovu, iliyokuwa sehemu ya Kasulu mpaka Wilaya ya Buhigwe ilipoundwa mwaka 2012.

Sasa turudi kwenye chombo. Mwaka 1933, mwaka uleule Wachaga walipoandikisha chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, huko Moshi, karakana ya Alfonso Bialetti kaskazini mwa Italia ilianza kutengeneza moka. Mwanawe Renato ndiye aliyeieneza dunia nzima baada ya vita, na alipofariki mwaka 2016 majivu yake yalitiwa ndani ya moka kubwa. Kila watu na desturi zao!

Namna yake ni hii. Chini hutiwa maji, yasipite kijitundu cha usalama. Juu yake hukaa faneli yenye unga wa kahawa. Ijaze, lakini usishindilie. Funga sehemu ya juu kwa nguvu, uweke juu ya moto mdogo. Mvuke ukiongezeka huyasukuma maji yapande ndani ya faneli, yapite katika unga, yatokee juu yakiwa kahawa. Ikianza kukoroma, iondoe motoni. Usiifungue ingali ya moto, itakuunguza.

Unga wake unaweza kuutengeneza nyumbani. Chukua buni kavu, twanga ganda lake jembamba, pepeta. Kaanga katika chungu ukikoroga bila kuacha, mpaka buni zilie kwa kupasuka na kugeuka rangi ya udongo mwekundu uliokoza. Zipoze katika ungo, kesho yake utwange mpaka ziwe kama chumvi laini. Kama huna moka, sufuria yatosha: chemsha, epua, ngoja masimbi yatulie.

Mnaniuliza, ya nini taabu hii? Kabla ya mnada, sampuli ya kahawa hukaangwa na kusagwa, na waonjaji huionja kwa kijiko. Ulimi wao husaidia kupanga daraja, na daraja hupanga bei. Buni iliyoanikwa chini huchukua harufu ya udongo. Iliyokaa mno katika maji huwa na uchachu mbaya. Muonjaji huyajua hayo mara moja. Mkulima asiyewahi kuionja huambiwa tu, "daraja lako ni la chini," naye hana la kujibu.

Basi kabla ya somo lijalo, kila darasa lipate buni kikombe kimoja kilichoanikwa juu ya kichanja, na kimoja kilichoanikwa chini. Zikaangeni mbali mbali, mpike, muonje nyote, mwandike katika madaftari tofauti mliyoiona. Na kama kijijini kwenu yuko mzee aliyekwenda mkonge au Buhaya, mwalikeni anywe pamoja nanyi, mmwulize alilipwa nini.