Namna Picha za Kusini mwa India Zilivyopanda Ufipa

Muulize kijana wa Mazwi au Katandala, hapa Sumbawanga, anaangalia picha gani siku hizi. Atakutajia Pushpa, KGF, Baahubali na RRR kabla hajafika kwenye picha yoyote ya Mumbai. Allu Arjun, Yash, Prabhas na Ram Charan anawajua kwa majina, kwa mwendo, hata kwa namna wanavyowasha kiberiti. Wakubwa wake wanamsikiliza na kudhani hili ni jambo la juzi lililoletwa na simu za kupangusa. Mimi nimezipenda picha hizi tangu enzi za kanda za video, na ninasema bila kusita kwamba Kusini mwa India ilishafika Sumbawanga zamani. Ilipita mlango wa Mumbai, ikatajwa kwa jina la Mumbai, na sisi tuliokaa kwenye mabenchi tukaipigia makofi bila kujua tunamshangilia nani.

India haina tasnia moja ya filamu. Mumbai hutengeneza picha za Kihindi, lugha ya kaskazini. Chennai, mji ulioitwa Madras, ni makao ya picha za Kitamil. Hyderabad wana Kitelugu, Bengaluru wana Kikannada, na Kerala wana Kimalayalam. Kusini hawakuanza jana. Kalidas, picha yao ya kwanza yenye sauti, ilitoka Oktoba 1931, miezi michache tu baada ya ile ya kwanza ya Kihindi, na ndani yake mhusika mmoja anaongea Kitamil na mwenzake anamjibu kwa Kitelugu. Mwaka 1948, S. S. Vasan wa Gemini Studios, Madras, alitoa Chandralekha, picha ya gharama ambayo India ilikuwa haijaiona, yenye wachezaji wanaorukaruka juu ya ngoma kubwa. Akaitoa kwa Kitamil, kisha kwa Kihindi. Kuanzia hapo matajiri wa Madras walijua kwamba anayetaka soko la nje ya kwao sharti aongee Kihindi.

Jambo hilo ndilo lililoamua sisi tuone nini. Sinema katika nchi hii ilikuwa mali ya pwani na miji mikubwa. Unguja, Dar es Salaam na Tanga walikuwa na kumbi zao tangu enzi za mkoloni, na Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, ilitikisa Zanzibar kiasi kwamba wazee wa huko wanaizungumza mpaka leo. Mombasa, Juma Bhalo alizichukua sauti za nyimbo za sinema ya Kihindi akazitia mashairi ya Kiswahili, na taarabu ikapata tawi jipya. Baadaye Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliyoundwa 1968, ikashika uingizaji wa picha. Ufipa ilikuwa mbali na yote haya. Tuko juu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na barabara ya kutoka Tunduma, zaidi ya kilomita 200, kwa miaka mingi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Lami imekamilika miaka ya karibuni tu. Mkanda wa sinema na mashine yake ni mzigo mzito. Kanda ya video inaenea ndani ya begi la mfanyabiashara anayerudi na mali yake kutoka Dar, na kilichotufungulia njia ni hiyo, pamoja na deki, televisheni moja na jenereta.

Wakati huo televisheni ya kurusha matangazo Tanzania Bara haikuwapo, ilianza 1994. Mwenye deki alikuwa mtu mkubwa mtaani. Msimu ulikuwa baada ya mavuno, watu wameuza mahindi na maharage, baridi ya Juni na Julai inauma, na banda la video lilikuwa na joto la watu. Kiingilio hakikuwa kikubwa. Ubaoni nje waliandika kwa chaki "PICHA LA KIHINDI", na hilo lilitosha kulijaza.

Basi tuliona nini mle ndani? Hathi Mere Saathi ya 1971, ile ya Rajesh Khanna na tembo wake, ilitengenezwa na Sandow Chinnappa Thevar, Mtamil aliyejulikana kwa kuigizisha wanyama katika picha zake. Andha Kanoon ya 1983, ambamo wengi tulimfuata Amitabh Bachchan, ndiyo iliyomleta Rajinikanth, nyota wa Kitamil, kwenye Kihindi kwa mara ya kwanza, na hadithi yake ilikuwa imetolewa kwa Kitamil miaka miwili kabla. Himmatwala, ya mwaka huohuo, ilikuwa marudio ya picha ya Kitelugu, na mwongozaji, K. Raghavendra Rao, ni Mtelugu. Mwanamke aliyecheza ndani yake ni Sridevi.

Hapa nitakaa kidogo. Sridevi alizaliwa 1963 karibu na Sivakasi, Tamil Nadu. Aliigiza tangu utotoni, kwa Kitamil, Kitelugu, Kimalayalam na Kikannada, na alipofika Mumbai alikuwa fundi aliyekomaa, japo Kihindi hakikuwa kimemkaa ulimini na picha zake za mwanzo alitiliwa sauti na watu wengine. Yale macho yaliyotumaliza katika Nagina, 1986, macho ya mwanamke nyoka, yalifunzwa kazi Madras. Hema Malini naye ni Mtamil. Waheeda Rehman alizaliwa Chengalpattu, si mbali na Madras. Rekha ni binti wa Gemini Ganesan, nyota wa Kitamil. Ukiwaondoa mabinti wa Kusini kwenye sinema ya Kihindi ya miaka ile, sijui ungebaki na nini cha kubandika ukutani. Sridevi alipofariki Dubai, Februari 2018, nilihuzunika kama nimefiwa na mtu wa ukoo.

Kisha wakaja watafsiri. Dar es Salaam jina kubwa lilikuwa Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliyesimulia picha za kila namna kwa Kiswahili, kuanzia za Kihindi mpaka za Nigeria. Uganda walikuwa na ma-VJ wao, Kenya wakampata DJ Afro. Kanda na baadaye CD zao zilipanda hadi kwetu, na mabandani nako wakatokea wasimuliaji wa hapahapa. Nimemsikiliza mmoja akimleta steringi, yaani shujaa wa picha, kwa basi kutoka Laela na kumfanya adui tajiri wa mitumbwi Kasanga. Bibi mmoja aliyekuwa hasikii hata neno la Kihindi alilia kwa ile hadithi. Msimuliaji huyo alikuwa na kipaza sauti kibovu na sauti nne: ya steringi, ya adui, ya mama na ya polisi. Alijua wapi anyamaze. Ninaamini watu wa aina yake wanastahili kuitwa wasanii kama walivyo waigizaji, na ingefaa sauti zao zirekodiwe wangali hai.

Ila kwa jambo moja sikubaliani nao mpaka leo. Mara nyingi picha iliyotafsiriwa hukatwa nyimbo. Msimuliaji hana la kusema wakati wa wimbo, na anataka picha iwahi kwisha, basi anaurusha mbele. Kwa picha za Kusini hasara hiyo ni kubwa mno, kwa sababu huko wimbo hubeba hadithi. Mapenzi yanaanza ndani ya wimbo na kuvunjika ndani ya wimbo. Ukiukata, steringi anakuwa mtu wa ngumi tu, na kizazi kizima cha mji huu kimewajua mashujaa wa Hyderabad kwa ngumi pekee.

Mimi niliokolewa na kaseti ya nyimbo za Roja. Picha hiyo ya mwongozaji Mani Ratnam ilitoka 1992 kwa Kitamil, ikatiwa sauti za Kihindi. Nilipoiona, midomo haikwenda na maneno, na hapo ndipo nilipoanza kuuliza picha hizi zinatoka wapi hasa. Muziki ulikuwa wa kijana wa miaka ishirini na mitano, A. R. Rahman, na ndiyo ilikuwa picha yake ya kwanza. Besi yake ilikuwa chini na safi, filimbi ikawa juu, na katikati ameacha nafasi tupu ambayo watungaji wa wakati ule waliogopa kuiacha. Miaka miwili baadaye ikaja Kaadhalan, Prabhu Deva akicheza wimbo wa Muqabla mpaka mwili unatoweka na nguo zinabaki zikicheza zenyewe. Vijana wetu waliujaribu mchezo ule kwenye kila harusi.

Rahman alimpigia kinanda Ilaiyaraaja alipokuwa bado kijana mdogo, na kwa Ilaiyaraaja ndiko ninakotaka wasikilizaji wa Ufipa wafike. Alizaliwa kijijini Pannaipuram mwaka 1943, akaanza na Annakili mwaka 1976, na ametunga kwa zaidi ya picha 1,000. Alizichukua ngoma za shambani za Kitamil, zile za mavuno na misiba, akaziweka pamoja na vinanda vya nyuzi vya Ulaya bila upande wowote kuuonea mwingine. Machi 2025, akiwa na miaka zaidi ya themanini, alipigiwa simfoni yake London na Royal Philharmonic Orchestra. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za mavuno, kama sisi huku, anamwelewa upesi. Waimbaji wake wakubwa, S. P. Balasubrahmanyam na S. Janaki, waliimba kwa lugha nyingi, na Balasubrahmanyam ndiye sauti ya Salman Khan katika Maine Pyar Kiya ya 1989. Hata yule mpole tuliyemwiga kwa nywele alikuwa akiimba kwa koo la Mtelugu.

Simu zikamaliza kazi iliyobaki. Mwanzoni ilikuwa kurushiwa nyimbo kwenye memori kadi, vibanda vyenye kompyuta moja pale sokoni, umeme wetu ukitoka Zambia na ukikatika unavyotaka. Leo ni intaneti. Mwaka 2021 Kili Paul, kijana wa Kimasai kutoka Mkoa wa Pwani, alianza kuigiza nyimbo za sinema za India kwa midomo tu, mbele ya boma lao, pamoja na dada yake Neema. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja redioni. Watu wa Kerala wamempenda Kili mpaka wamempa jina lao la nyumbani. Machi 2023 Naatu Naatu ya RRR, wimbo wa Kitelugu wa M. M. Keeravani, ukachukua tuzo ya Oscar, na safari hii Kitelugu kikatajwa kwa jina lake.

Kijana anayeijua Kusini kwa ngumi tu ningemwekea Roja kwanza, nzima, pasipo msimuliaji. Kisha Nayakan ya 1987, ya Kamal Haasan, yenye muziki wa Ilaiyaraaja. Halafu airudie RRR aliyokwisha kuiona mara nyingi, na Naatu Naatu, wimbo uliochezewa Kiev, asiurushe mbele.