Mtu wa Kusini katika vichekesho vya Tanzania

Mhusika wa maigizo na filamu za kuchekesha: mlinzi, mtumishi wa nyumbani au mchuuzi aliyetoka Newala, Masasi au jirani zake. Huchekwa kwa lafudhi na ushamba. Mmakonde huongezewa chale za usoni, ambazo kwao zilikuwa urembo na heshima. Mshamba aliyepotea mjini ni wa zamani: Rashidi Kawawa, mzaliwa wa eneo la Songea na Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu miaka ya 1950. Kasoro kubwa ya vichekesho hivi ni kunyamazia kilichomtoa mtu kwao: uhaba wa maji juu ya uwanda wa Wamakonde, bei ya korosho isiyotabirika, ajira za mashamba ya mkonge. Tena Kusini hakutoki walinzi na wachuuzi tu: Lupaso, Masasi, ndiko alikozaliwa Rais wa zamani Benjamin Mkapa.